Neno la Kurudi

Bweyale, saa nane mchana. Kompyuta tano;
moja haina herufi M, tumeibandikia plasta.
Paneli inajitahidi juani, betri imebaki robo,
kwa hiyo somo la leo limejileta lenyewe:

    kama betri < 30:
        zima feni

Lamwaka akacheka. "Kwetu ni *ka*, mwalimu.
Nyie Waswahili hiyo *ma* mliongeza ya nini?"
Nikaufungua ukurasa wenye kamusi ya mashine,
nikaongeza mstari: *ka*. Mashine ikameza
bila kutafuna. Feni ikazimika, jasho likaanza.

Wiki tatu nzima tulikuwa tunakariri maneno ya kigeni
kama dawa chungu: unafumba macho, unameza,
hujui umetibiwa nini.

Sasa Kavira anataka *maadamu*, wenzake wanataka *wakati*.
Wamegombana mpaka kengele ya uji.
Niliwaacha. Nani aligombania neno
asilolielewa?

Mkaguzi aliniuliza: na wakifika Kampala?
Kiingereza watakikuta barabarani, nikamjibu,
mtoto hujifunza kutembea uani.
Sikumwambia kwamba usiku nami najiuliza.

Kisha tukafika kwenye *rudi*.
Nikachora ubaoni: kazi huitwa, huenda,
hufanya ilichotumwa, hurudi na jibu
pale pale ilipoitwa.
Okeny, aliyevuka mpaka mgongoni kwa dada yake,
akaandika *dwog*. Akafuta.
Akaandika. Akafuta.
"Na kama pale ilipoitwa pameungua?"

Kuku alipita mlangoni, akatutazama, akaenda zake.
Jibu la kitabu nilikuwa nalo. Sikulitoa.

Basi akaandika la kwake, lugha mbili mstari mmoja,
kama tunavyoongea sokoni:

    ka kwetu kupo:
        dwog
    la sivyo:
        ngoja

*Ngoja* haimo katika kamusi yangu.
Mashine ikafoka, kwa Kiingereza,
mistari minne myekundu.
Okeny hakuifuta.

Kesho nitaliongeza. Nitalazimika kwanza kuamua
linangoja nini, na kwa muda gani,
maana mashine haijui kungoja bila kikomo
isipokuwa imekwama.
Leo betri imefika kumi na nane
na Lamwaka ameshashika swichi.