Kidole cha Shangazi Nyanzala

Shangazi Nyanzala anasoma kwa kidole gumba,
kidole chenye asali ya Sikonge chini ya ukucha.
Simu yake ina ufa, na ufa umekata
kona ya juu, pale ninapoweka tarehe.

Mimi ndiye mpanga kurasa. Chumba changu kiko
nyuma ya fundi cherehani, njia ya stesheni, Tabora:
meza ya mninga, feni inayokohoa,
na Bwana Mihayo anayesema kila Jumatatu,
"Jaza. Nafasi tupu hainunui dizeli."
Nikajaza.

Siku ile shangazi alitaka kitu kimoja tu:
treni ya Mpanda inaondoka, au haiondoki?
Viroba vya michembe vilishafungwa kamba.
Nilikaa pembeni, nikijifanya nakunywa chai,
nikakitazama kidole.
Kilishuka. Kikakutana na mchezo wa kubahatisha,
kikaukwepa; ukurasa nao ukaruka,
picha iliyochelewa ikasukuma maneno chini
kama abiria anayepandia dirishani.
Kikapapasa maandishi ya majivu juu ya majivu.
Kikagusa "Zaidi". Zaidi ya nini?
Kikataka kurudi. Hapakuwa na pa kurudia.

Akanikabidhi simu, wala hakukasirika:
"Mwanangu, nyumba yako ina milango kumi na saba
na yote inafungukia chooni."

Usiku huo nikaanza kubomoa.
Hapa kwetu reli hugawanyika, Kigoma, Mwanza, Mpanda,
na mgeni haulizi mara mbili, maana bango ni moja,
herufi zake nene, na limekaa pale pale
tangu babu alipokuwa akibeba mizigo.
Juu nikaacha maneno manne:
Mkoa. Safari. Soko. Vifo.
Nikayapigilia misumari yasihamehame.
Kichwa cha habari nikakipa kifua,
na chini yake sentensi moja isemayo ukweli mapema,
ili mwenye haraka aondoke nayo hiyo hiyo
na asipotee.
Wino mweusi. Mistari mifupi,
jicho lisichoke kabla ya nukta.
Na kati ya aya na aya nikaacha weupe
kama nafasi kati ya taruma na taruma;
anayetembea relini anajua
mguu hupima hatua kwa hiyo.

Bwana Mihayo akatazama, akasonya:
"Kama nyumba iliyoibiwa."
Nikamwambia, imefagiliwa tu.

Alhamisi shangazi akaja, hajanawa mikono.
Kidole kikaenda Soko: bei ya asali, kwa kilo.
Akaguna, "Wezi hawa."
Kikarudi. Sasa palikuwa na pa kurudia.
Kisha, kwa wepesi ule ule
nilioukeshea siku tatu,
kikagusa Vifo.

Jina la kwanza, herufi nene, weupe pande zote:
Wande Kapela, wa Ipole. Miaka sitini na tisa.
Maziko kesho, saa saba.
Hapakuwa na tangazo la kumchelewesha,
wala picha ya kuruka, wala Zaidi.

Kidole kikasimama.
Nimeshajifunza kukitofautisha kidole kilichokwama
na kidole kilichofika.
"Tulichota maji pamoja," akasema,
akiiambia simu, si mimi.
Feni ikakohoa. Alama ya asali
ilibaki juu ya jina,
nami sikuifuta.