Deni

Gus Rattray wa ghorofa ya chini
alinikopa pauni themanini za kodi,
na alipohamia Aberdeen, usiku usiku,
aliacha kamba mlangoni kwangu
na mwishoni mwa kamba, mbwa.

Nikamwita Deni.
Majirani wa Dundee wakasikia Denny,
wakasema ni jina zuri, la Kiskoti kabisa.
Sikuwasahihisha.

Miaka kumi na mmoja tulipanda kilima cha Law
mvua ikitupiga ubavuni,
mimi na koti la kampuni ya basi,
yeye na koti lake la kuzaliwa.
Nimelelewa kwamba mbwa akikulamba, unaosha mara saba.
Siku ya kwanza niliosha, hesabu kamili.
Ya pili niliishia nne.
Kisha nikasahau kuhesabu.

Dawa ya deni ni kulipa, nasi tulilipa:
vidonge vya figo, sindano,
daktari mwenye mikono baridi na sauti ya taratibu,
hadi Februari ile
dawa ilipokataa kuwa dawa.

Sasa nimekaa jikoni kwa Eilidh Petrie, mchoraji,
huko Broughty Ferry, juu ya duka la samaki na chipsi.
Anataka picha. Ninayo moja tu isiyotikisika:
Deni kando ya jiko,
taa ya simu imemtia macho ya kijani kama jini,
na pembeni umeingia mguu wangu, ndala ya bluu.

"Macho yalikuwa rangi gani hasa?"
Kahawia, ningesema, kama kila mtu.
Nikasema: chai ya rangi iliyosahauliwa mezani,
ukiinyanyua glasi dirishani.
Akaandika. Hakucheka.
"Na mguu? Niutoe?"
Mguu toa, nikasema. Ndala iache.

Pauni mia nne na ishirini, kwa awamu sita.

Dada yangu Mwanahawa alipiga simu kutoka Muheza.
Nikamweleza; akanyamaza
hadi nikadhani salio limekwisha.
"Mbwa," akasema. "Wa mafuta."
"Wa rangi za mafuta."
"Na baba je? Baba hana hata ya pasipoti."

Kweli. Mchwa walikula albamu,
wakatubakishia kona nne za gundi.
Usiku ule nilijaribu kumwona.
Nikapata kofia. Nikapata kikohozi cha mlangoni,
na namna alivyovua ndala bila kuinama.
Uso haukuja.
Kesho yake nilimuuliza Eilidh
kama anaweza kuchora kikohozi.
Akadhani Kiingereza changu kimeniangusha.

Juni, picha ikafika imefungwa kwa gazeti.
Manyoya sawa. Macho ni chai, haswa.
Lakini sikio la kushoto zima,
limeshonwa kwa brashi, kwa huruma.
Alidhani ule mpasuko ni kivuli,
au alidhani naona aibu.

Nikapanda basi, njia niliyoiendesha miaka kenda,
picha magotini kama mgonjwa.
Nikamwambia: Eilidh, mrarue.
Hapo. Kina cha kidole kimoja na nusu.
Nani alimfanya hivyo, sijui,
ilikuwa kabla yangu, kabla ya Gus labda,
lakini ndivyo alivyokuja.
Akachukua kisu kidogo, akaanza kukwangua,
nami nikageuka kuutazama mto Tay
mpaka alipomaliza.

Nikampiga picha ya picha, nikamtumia Mwanahawa.
Siku mbili, kimya.
Ya tatu:
"Hiyo ndala ni yako?"
Yangu.
"Baba naye alikuwa na za bluu."

Imebaki awamu moja.
Eilidh hajanikumbusha,
nami sina haraka.