Upande Nilioudharau

Theluji imeziba madirisha ya Gyumri tangu Jumatatu,
na mimi, Arpenik, mshonaji wa mapazia,
nimelikata kasha la biskuti vipande ishirini
kwa mkasi wa kitambaa.
Mkasi umenuna. Na ununie.

Kila kitu nimekichora mara mbili:
aprikoti, komamanga, ufunguo,
ng'ombe wawili, ambao mmoja wao, nakiri,
ni mbwa zaidi.
Vikombe viwili vya kahawa, mkono upande wa kulia,
vingine viwili, mkono kushoto.
Hapo ndipo penye mtego.

Mwalimu wa chekechea alisema:
Areg anaona, ila hatofautishi.
Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Miaka minne tu, mtoto wangu,
kiatu cha kulia mguu wa kushoto,
akitembea kwa fahari ya jenerali.

Namwagia kadi kwenye sinia.
"Tafuta pacha."
Anamchukua ng'ombe, anamchungulia mgongoni,
anamlaza kando ya kikombe.
"Angalia vizuri, Areg."
Komamanga anaisukuma, anaizungusha,
hadi ibanane na ufunguo.
"Angalia!"
Sauti yangu imeota ncha, naisikia mwenyewe.
Yeye kimya,
kincha cha ulimi pembeni mwa mdomo
kama mimi ninapotunga uzi sindanoni.

Chai inapoa. Nasema basi, tukusanye.
"Geuza," ananiambia.
Nini?
"Vyote. Geuza."

Nafunika sinia kwa sinia,
tunapindua pamoja, mikono minne,
nafunua.

Kasha limerudi kuwa kasha.
Msichana wa biskuti kichwa kimemkaa shingoni,
ngano imeshikana na ngano,
na pale mkasi wangu ulipoyumba
(simu ililia, ndipo ulipoyumba)
mpindo umeingia ndani ya mpindo mwenzake,
hapapiti unywele.

Mimi nilitaka picha.
Yeye alikuwa akisoma kingo.

Limebaki pengo moja, katikati ya kikapu.
Nainama chini ya meza, napapasa,
nakikuta kimenasa kwenye soksi yangu:
ng'ombe yule aliye mbwa.
Namkabidhi. Anakitazama kwanza upande wangu,
kwa huruma, nadhani,
halafu anakigeuza.

Jioni ananifuata nje kumwaga majivu,
kulia kushoto, kushoto kulia,
nyayo zake thelujini zikipeana mgongo.
Sisemi kitu.