Saa Saba Mjini Riga

Ndege ya Oslo itaruka saa kumi na mbili jioni.
Otari amepiga hesabu mgongoni mwa bahasha ya dawa zake:
basi nusu saa kwenda, nusu saa kurudi,
ukaguzi saa mbili, maana mkanda wake haufunguki upesi.
"Tumebakiwa na saa nne za kuuona mji," akasema,
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu
akaamua kuinunulia kitu hivyo hivyo.

Tulianzia sokoni, kwenye mabanda marefu yenye mapaa ya mviringo
ambayo zamani, wanasema, yalikuwa ya ndege za puto.
Siku hizi ni ya samaki.
Mikunga ya moshi imelazwa safu safu, myeusi, inang'aa,
na mama mmoja mwenye glavu zisizo na vidole
akatukatia kipande tuonje kabla hatujaomba.
Tulimshukuru kwa Kirusi. Akatujibu kwa Kirusi.
Halafu sote watatu tukainamisha macho kwenye mizani,
kama watu waliokutana ndani ya koti la kuazima
la mtu wasiyempenda.

Alituongeza kipande.

Otari hakuja kutazama makanisa.
Mwaka wa sabini na nane alikuwa askari hapa,
shingo nyembamba, kambi inanuka kabichi,
na siku za ruhusa alipita chini ya dirisha fulani
ambamo mtu alikuwa akijifunza piano, vibaya,
akikosea mahali palepale kila mara.
Miaka arobaini na mmoja ya ndoa nimesimuliwa dirisha hilo.
Wivu sina. Hata kama ni mume au mke hatujui.

Basi tukalitafuta.
Vichochoro vya mawe, goti lake la kushoto likilalamika,
manyunyu yasiyoamua kuwa mvua.
Juu ya milango nyuso za kuchonga zilitukodolea, vinywa wazi,
kama jamaa waliochelewa kupewa habari.
Tulimuuliza kijana wa baiskeli. Tulimuuliza mwenye mbwa.
Tulilipita kanisa lilelile mara mbili,
nami nikajifanya la pili ni jingine.

Kisha akasimama. "Ndilo hili."
Ghorofa ya pili, pazia jeupe, chungu cha maua yaliyokauka.
Akavua kofia. Manyunyu yakamwangukia kipara, asijali.
Nami nikaona, chini, kando ya mlango,
kibao cha shaba chenye mwaka wa ujenzi: 2004.
Nikasogea, nikasimama mbele ya kibao,
nikafungua mwavuli.

"Unasikia?" akauliza.
Nilisikia lori la taka likirudi kinyumenyume.
"Nasikia," nikasema. "Bado anakosea palepale."

Tulimwomba binti mmoja atupige picha.
Alikuwa na haraka, basi lake linakuja.
Vichwa vyetu havimo. Vimo viatu vinne, ncha ya mwavuli,
nusu ya mlango,
na kati ya koti langu na lake, wazi kabisa,
sifuri na nne.

Ndani ya basi alilala begani pangu, ananuka mkunga.
Niliikuza picha kwa vidole viwili, nikaipunguza.
Sikuifuta.
Miwani yake ya kusomea ilikuwa mkobani mwangu,
chini ya jozi za mjukuu
tulizozichovya kwa maji ya zabibu kule Kutaisi.
Niliiacha hukohuko.