Kiti cha Bisera

Kazi yangu ni karatasi.
Kabla ya saa tatu asubuhi nimeshazipanga kwenye stendi,
fidla kushoto, chelo kulia, besi nyuma kabisa,
karibu na ukuta wenye ufa wa tetemeko la zamani.
Kisha nazima mabomba ya joto, maana yanaguna,
na maikrofoni haisamehe mguno.
Ndiyo maana hapa Skopje, mwezi wa Januari,
tunalia kwa niaba ya dunia
tukiwa tumevaa makoti.

Filamu yenyewe hatuonyeshwi.
Tunapewa namba na neno moja: Mlango.
Mlango gani, wa nani, unafungwa au unafunguliwa,
hiyo ni siri ya waliolipa.
Hedifoni masikioni, tik, tik, tik,
kama maharagwe yakidondoka moja moja kwenye sufuria,
na juu ya tiki hizo unatakiwa uweke moyo.

Ragnfrid, mtunzi, yuko Oslo.
Sura yake hatuijui. Tunaijua sauti,
inashuka kutoka spika ya darini
kama ya mtu anayezungumza huku akimenya chungwa.
Siku ile alisema, "Vizuri. Sasa punguzeni huzuni."
Wakapunguza.
"Bado. Mnalia kabla ya mwenye msiba."
Mzee Blagoja, kiongozi wetu, akafuta miwani kwa tai,
akaanza tena.
"Mnamshika mtazamaji mgongoni, mnamsukuma.
Mwacheni. Ataingia mwenyewe."

Miaka kumi na tisa nimebeba muziki huu kwa kilo.
Vita, harusi, meli angani, mbwa aliyerudi nyumbani.
Nilidhani ukijaza ukumbi nyuzi, watu watalia tu,
kama vile kitunguu kisivyobembeleza jicho.
Siku ile nilimwona akifuta.
Futa besi. Futa chelo. Futa fidla zote kumi na nne,
wenyewe wakabaki na pinde mapajani kama waliofukuzwa darasani.
Zikasalia noti tatu za viola,
zinapanda ngazi, zinasita kabla ya ghorofa.

Mara ya sita, Bisera Naumoska,
mwenye viola, mgonjwa wa kiuno,
akaegemea nyuma katikati ya pumziko,
na kiti chake kikalia:
kriii.

Alinitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyekichonga.
Spika kimya.
Kimya bado.
Kisha, "Asanteni. Tumemaliza."

Bahasha za malipo. Supu ng'ambo ya barabara.
Bisera hakutamka neno mpaka mkate ulipokwisha.
"Watafuta," akasema. "Wana mashine za kufuta kila kitu."

Oktoba filamu ikafika mjini. Tukaenda sita, kwa tiketi zetu,
kama wapishi waliojialika mezani.
Basi, mlango ulikuwa huu:
nyumba ya wageni milimani, baba mjane ameiuza;
binti amesimama nje na sanduku, theluji mabegani,
mkono umeinuka, haubishi.
Noti ya kwanza. Ya pili.
Niliiona karatasi yenyewe, hata doa la kahawa yangu pembeni.
Ya tatu. Pumziko.

Kriii.

Na ukumbi mzima ukajua
kwamba ndani mle, gizani, mzee ameinuka kitini.
Hakuonyeshwa. Kamera haikumwacha binti.
Mama aliyekaa mbele yangu akajiziba mdomo;
kijana mwenye bisi akasahau kutafuna;
Blagoja akavua miwani, safari hii hakuifuta.
Muziki haukurudi. Haukuhitajika.

Bisera hakulia.
Alishika kiuno, akaniinamia sikioni:
"Kile kiti, usije ukakitengeneza."

Nilikuwa nimekitia mafuta tangu Februari.
Sikumwambia.