Dirisha la Dawa, Kibaigwa

Saa mbili usiku, malori ya mahindi yananguruma.
Mzee Chilongani, kofia imeshuka hadi nyusi,
ameagiza panadoli.
Kisha dawa ya kikohozi. Kisha akakohoa kweli.

"Na... zile," akasema, akiitazama feni.

Utingo kamuuzia kimoja, ndani ya karatasi ya sigara:
buluu, hakina jina wala tarehe.
Nikakishika, kikaniachia vumbi la chaki vidoleni.
Nikauliza: "Kuna dawa nyingine unatumia?"

Akatoa kichupa. Vile vya kuweka chini ya ulimi,
alivyopewa Dodoma mjini
kifua kilipombana wakati wa kuvuna alizeti.

"Hivi viwili, baba, havilali chumba kimoja.
Presha itaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba,
na Mandalu ataamka amekumbatia baridi."

Feni ikazunguka.
"Kwa hiyo mimi ndiyo basi?"
"Nani kasema? Daktari yupo Jumanne.
Mpelekee kichupa hiki. Mwambie yote,
hata hilo unaloliambia feni."

Akalipia panadoli asizozihitaji,
kidonge akakiacha kaunta.
Mlangoni akageuka, kofia mkononi:
"Jumanne, saa ngapi?"