Jino la Uzi

Lilikuwa jino langu la kukatia uzi.
Miaka thelathini na miwili, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
mkasi ukining'inia shingoni kama pambo
na mimi nikikata kwa pembe ya mdomo, tap,
sare za shule, foronya, magauni ya harusi.
Daktari Shelukindo wa Bombo akalishika kwa koleo.
Likatoka na sauti ya kitambaa kinachochanwa.

"Uma pamba, mama. Nusu saa, bila maneno.
Usiteme. Usisukutue mpaka kesho.
Damu itakayoganda shimoni ndiyo kiraka chako,
ukikibandua utarudi hapa unalia."
Kiraka! Alijua anaongea na nani.

Ganzi iliondoka alasiri, polepole,
kama mgeni anayeagia mlangoni saa nzima,
na ilipotoka, maumivu yakaingia bila hodi.
Uji uliopoa. Vidonge viwili.
Nyamvula akakimbia kuninunulia barafu ya ubuyu,
nikaifunga kwenye kitambaa, nikaibana shavuni,
wekundu ukanichuruzika hadi shingoni.
"Bibi, huili?"
Nikatikisa kichwa. Kufyonza ni mwiko.
Akangoja iyeyuke, akainywa yeye,
na joto la shavu langu ndani yake.

Usiku niliegemea mito miwili
nikisikiliza taya: dugu, dugu, dugu,
cherehani ya fundi asiyejua kulala.
Nikahesabu mishono mpaka adhana ya alfajiri.

Maji vuguvugu, chumvi nusu kijiko.
Nayatembeza mdomoni, nainama,
nayaacha yaanguke yenyewe karaini.
Mara nne kwa siku, kama dozi.

Siku ya tatu shavu limefura.
Mwakitoro kaja kuchukua kanzu yake:
"Fundi, siku hizi unajishona mito?"
Usinichekeshe, nikamwambia kwa mkono,
nyuzi zitafumuka.

Mkaidi ni ulimi.
Kila nikiusahau, umeshakwenda shimoni
kama mfiwa anayefungua chumba kisicho na mtu,
anapapasa kitanda, anarudi.
Nauambia: tulia, aliyekuwamo kahama.
Unakwenda tena.

Siku ya nane nimekula wali, upande wa kulia,
punje kwa punje.
Nimepinda suruali moja.
Nimeinua uzi mdomoni kwa mazoea,
nikabaki nimeachama
mpaka nikakumbuka mkasi uko kifuani pangu.

Nyamvula hajaridhika.
Jino tulilopewa kwenye karatasi kalirusha paani
akaomba jipya, kwa sauti kubwa, kwa niaba yangu.
Likabingirika juu ya bati, krakrakra,
likamwangukia miguuni.
"Bibi, paa limekataa."
Paa linajua umri wangu.
Nimelitia kwenye kopo la vifungo.
Siku nikitafuta kifungo cheupe cha kanzu,
itabidi nivae miwani.